Chipu ya Z80 kwenye bodi ya tanuru la mbao: mbadala wake unapatikana wapi?

Fundi wa Kinyanambo, Mafinga:

Habari zenu, mafundi wenzangu. Ninaomba ushauri kuhusu bodi inayoendesha tanuru la kukaushia mbao katika karakana moja hapa Mafinga, ambako, kama mnavyojua, paini ya msitu wa Sao Hill ndiyo inayowalisha wengi wetu. Tanuru hilo lilinunuliwa likiwa limeshatumika ng'ambo, na bodi yake ni ya miaka ya 1980, kwa kuwa chipu zake nyingi zina namba za tarehe zinazoanza na 86 au 87. Kazi yake ni kusoma joto la sensa mbili, moja kavu na nyingine iliyofungwa kitambaa chenye maji, kukadiria unyevu wa hewa kutokana na tofauti ya hizo mbili, kisha kuwasha au kuzima feni, mvuke na vifuniko vya matundu ya hewa kwa kupitia rilei nane.

Wiki mbili zilizopita radi ilipiga karibu na karakana, na tangu siku hiyo kioo cha bodi hakionyeshi hata tarakimu moja. Umeme wa volti 5 upo. Prosesa yake, yaani chipu inayotekeleza programu, imeandikwa Z8400A, ambalo ni jina jingine la Z80, ina miguu arobaini, na imekaa kwenye soketi. Nilipoigusa baada ya dakika kumi niliikuta ina joto la kunifanya niondoe kidole, nikaamua kwamba imekufa. Jirani yake kuna EPROM mbili za 2764 (chipu zinazohifadhi programu) zenye kidirisha cha kioo, RAM ya 6116 (kumbukumbu ya muda), chipu ya 8255 ya kupokea na kutoa ishara, na chipu ndogo za mantiki za 74LS kama kumi hivi ambazo zimechomewa moja kwa moja kwenye bodi. Mchoro wa saketi hatuna, na kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa.

Nimeuliza Iringa mjini, nimepiga simu Kariakoo, na kote nimejibiwa kwamba Z80 haitengenezwi tena. Mtandaoni nimekuta muuzaji mmoja mwenye Z84C0006PEG, mwingine ana D780C-1, wa tatu ana kitu kinachoitwa UA880D, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo mbadala halisi. Ninaomba kujua ni ipi kati ya hizo inayoingia kwenye soketi ileile bila kubadilisha chochote, nitaitambuaje iliyo feki, na kama si busara zaidi kumshauri mwenye tanuru aachane na bodi hii. Kwa sasa ndani kuna mbao za inchi mbili ambazo hazijakauka, na kijana mmoja anakesha nazo akifungua mvuke kwa mkono, jambo ambalo haliwezi kuendelea kwa muda mrefu.

Mwalimu wa Iyunga, Mbeya:

Ndugu yangu wa Mafinga, pole kwa usumbufu. Nitaanza na swali la majina, kwa sababu jibu lake ni jepesi kuliko unavyodhani, ingawa sina hakika kwamba ndilo swali lako la kwanza.

Z80 iliingia sokoni mwaka 1976 ikitoka kwa kampuni ya Zilog, ambayo Federico Faggin alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Waliokuambia haitengenezwi hawakukudanganya: mwezi Aprili 2024 Zilog ilitangaza kusitisha aina ya Z84C00, na tarehe ya mwisho ya kupokea oda ikawa 14 Juni 2024. Lakini katika miaka karibu hamsini chipu hii ilitengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja kikiibandika jina lake. Mostek waliita MK3880, Sharp LH0080, NEC D780, na Toshiba walikuwa na TMPZ84C00. Ujerumani Mashariki walitengeneza U880 na Wasovieti wakawa na KR1858VM1. Miguu yake arobaini imepangwa kwa mpangilio mmoja, na maagizo inayoyaelewa ni yaleyale. Kwa hiyo wauzaji wako watatu wote wanaweza kuwa wanasema kweli.

Cha kusoma kwa makini ni herufi na tarakimu za mwisho. Z80 ya mwanzo isiyo na herufi ya kasi huenda megahezi 2.5, yenye A huenda 4, yenye B huenda 6, na yenye H huenda 8. Katika kundi la Z84C00, tarakimu mbili za mwisho ndizo megahezi zenyewe, hivyo 06 ni 6 na 10 ni 10. Yenye kasi kubwa kuliko inayotakiwa haina neno, kwa kuwa itafuata mapigo ya kristali iliyopo kwenye bodi. Yenye kasi ndogo ndiyo ya kuepuka, na ndiyo sababu katika ukoo wa U880 unapaswa kuhakikisha ni UA na si UB, ambayo mwisho wake ni megahezi 2.5. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu huonyesha umbo: P ni lile la safu mbili za miguu linaloingia kwenye soketi yako, V ni la mraba wenye miguu pande zote nne, na F ni bapa la kuchomea juu ya bodi. Nimewahi kuona mwanafunzi akisubiri mzigo mwezi mzima, halafu akafungua bahasha na kukuta V. Zipo pia Z180 na eZ80, ndugu wadogo wa chipu hii, lakini miguu yao haifanani nayo kabisa, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa hoja kwamba ni toleo jipya.

Tofauti ya kuijua ni kwamba Z8400 yako ni ya NMOS, na Z84C00 ni ya CMOS, ambazo ni njia mbili tofauti za kutengeneza transista ndani ya chipu. Ya CMOS hula umeme mdogo na haipati joto. Kuna agizo moja lisiloandikwa kwenye vitabu vya mtengenezaji ambalo ile ya zamani hutoa 0 na hii hutoa 255, ila sitarajii kulikuta kwenye programu ya tanuru.

Sasa nikuulize: nani kakuambia kwamba prosesa imekufa? Z8400A ikiwa nzima inaweza kula hadi miliampia 200, yaani karibu wati moja ndani ya kipande kidogo cha plastiki, na kupata joto ni tabia yake. Kabla ya kutuma pesa popote, ichomoe uipime peke yake kwenye ubao wa majaribio. Mguu wa 11 uupe volti 5 na wa 29 uupeleke kwenye graundi. Miguu ya 16, 17, 24 na 25 ipandishe kwenye volti 5 kwa rezista, na wa 26 vilevile, huku ukiuwekea kitufe cha kuugusisha graundi ili uanzishe upya. Kwenye mguu wa 6 peleka mapigo ya megahezi 4 kutoka kwenye kile kikopo cha chuma chenye kristali na saketi yake ndani, na usisahau rezista ya ohmu 330 kutoka hapo kwenda volti 5, kwa kuwa chipu hii hudai mapigo yanayopanda karibu kabisa na volti 5. Halafu njia zote nane za data, miguu ya 7, 8, 9, 10, 12, 13, 14 na 15, zishushe kwenye graundi kila moja kwa rezista ya kiloohmu moja.

Hapo prosesa itasoma sifuri kila inapotazama, na sifuri kwake ni agizo la kutofanya lolote ila kusogea anwani inayofuata. Agizo hilo huchukua mapigo manne, yaani sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni, hivyo anwani zote 65,536 huzungukwa kwa milisekunde 65 na ushee. Ukiweka taa ya LED kwenye mguu wa 5, ambao ni njia ya juu kabisa ya anwani, kwa kupitia transista, utaiona ikipepesa kama mara 15 kwa sekunde. Ikipepesa hivyo, prosesa haikufa, na unapaswa kumtafuta mkosaji mwingine kwenye bodi.

Mzee wa Makambako:

Mimi nasema wazi kwamba bodi ya umri huo ingepumzishwa. PLC ndogo, yaani kompyuta ya kuendeshea mitambo, yenye rilei nane pamoja na moduli ya kusoma joto ingefanya kazi hiyohiyo, na ikiharibika utanunua nyingine bila kuzunguka dunia nzima kutafuta chipu. Mtindo wa kufufua maiti unatupotezea muda, na muda wa mteja nao ni pesa.

Dada wa Mwanjelwa, Mbeya:

Shikamoo Mzee. Ningekubaliana nawe iwapo mtu angekuwa nayo ile ratiba ya ukaushaji iliyomo ndani ya EPROM hizo, lakini hana. Bodi hiyo inajua paini ya inchi mbili ipewe nyuzi ngapi saa za mwanzo, ishushwe unyevu kwa mwendo gani ili isipasuke, na lini irudishiwe mvuke kidogo kabla ya kutolewa. PLC mpya inakuja ikiwa tupu, na atakayeijaza ni fundi ambaye hajui hata nusu ya hayo, akijifunzia kwenye mbao za watu.

Kwa hiyo, kaka wa Mafinga, kabla hujagusa kingine chochote, nakili EPROM zako. Ndani yake kila biti ni chaji ya umeme iliyofungiwa, na kwa zaidi ya miaka thelathini chaji hiyo imekuwa ikivuja pole pole. Funika kidirisha kwa karatasi isiyopitisha mwanga iwapo stika yake imebanduka, kwa sababu mwanga wa urujuanimno ndio unaofuta, na jua letu la nyanda za juu halina huruma. Prosesa utaipata kwa namna moja au nyingine, lakini programu hiyo ikipotea hakuna duka litakalokuuzia.

Mimi ninacho kisomaji cha USB hapa dukani. Kila EPROM huwa naisoma mara tatu na kulinganisha mafaili. Yakitofautiana, nashusha volti ya kusomea kutoka 5 hadi karibu 4.5, kwa kuwa biti iliyoandikwa sifuri na kupoteza sehemu ya chaji yake huanza kusomeka moja, na volti ikipungua hurudi kusomeka sifuri inavyostahili. Nakala naiandika kwenye 28C64, ambayo hufutwa kwa umeme bila taa. Hapo kuna mambo mawili ya kupima kwa mita kwenye soketi yako. Mguu wa 27 wa 28C64 ndio unaoruhusu kuandika, hivyo lazima bodi iwe imeushikilia kwenye volti 5. Mguu wa 1 nao, ambao kwenye 2764 hupokea volti 5, katika baadhi ya 28C64 ni wa kutoa ishara, kwa hiyo mimi hutumia AT28C64B, ambayo mguu huo haukuunganishwa na kitu. Ukikosa hiyo, 27C256 pia inafaa: ukubwa wake ni mara nne, kwa hiyo programu ya kilobaiti 8 unaiandika mara nne mfululizo, na hapo hali ya miguu ya 26 na 27 haitakusumbua, mradi isiachwe ikielea.

Kuhusu feki, yaliyonikuta yalinifundisha. Kuna amplifaya ya kwaya kule Tukuyu niliyoiwekea moduli ya STK, ile ya kukuza sauti, mara tatu, zote mpya, zote zikiungua kabla ibada haijaisha, mpaka nilipoivunja moja na kukuta ndani kipande kidogo cha silikoni ambacho kisingeweza kubeba hata nusu ya wati zilizoandikwa juu. Kwa prosesa udanganyifu huwa mwingine: huchukua chipu iliyochomolewa kwenye bodi za zamani, husugua maandishi, na kuandika kasi kubwa zaidi. Ipangushe kwa pamba yenye asetoni, na ukiona weusi unatoka au chini yake kuna mikwaruzo ya kwenda upande mmoja, usiiamini. Soma pia namba ya tarehe, kwa mfano 8734 ni wiki ya 34 ya mwaka 1987. D780C ya kweli yenye miguu iliyofifia kwa umri inanipa imani kuliko Z84C00 inayong'aa kama sahani ya harusi.

Fundi wa Kinyanambo, Mafinga:

Mwalimu, shikamoo, na dada yangu, asante sana. Nimefanya mlivyoelekeza na ninaleta majibu kabla sijasahau.

Prosesa ni nzima. Taa ilipepesa kwenye mguu wa 5, nami nilikaa nikiitazama kwa aibu kidogo, kwa kuwa nusura nitume pesa kwa watu watatu. Niliirudisha kwenye bodi, na huko haikusogea. Basi nikachomoa zote zilizo kwenye soketi, yaani prosesa, EPROM zote mbili, RAM na 8255, kisha nikapima kwa mita kutoka kila njia ya data hadi graundi kwenye soketi tupu ya prosesa. Saba zilinipa maelfu ya ohmu. Mguu wa 9 ulinipa ohmu 12. Njia hiyo inaishia kwenye 74LS245, chipu ya kupitisha data kwenda na kurudi, iliyo ukingoni mwa bodi, pale unapochomekwa waya mpana wa kwenda kwenye kadi ya sensa, na nilipoinyanyua kutoka kwenye bodi zile ohmu 12 ziliondoka nayo. Nadhani radi ilisafiri kwa waya wa sensa, ambao una mita kama ishirini na umepita juu ya paa la bati.

Kwa vile 74LS245 sikuipata hapa, kijana wa duka moja amenipa 74HC245 na kuniambia ni ileile, na ya kisasa zaidi. Je, niiweke?

Mwalimu wa Iyunga, Mbeya:

Marahaba, na hongera kwa kazi safi. Usiiweke hiyo. Hapa herufi mbili zilizo katikati ndizo zinazoamua, na ndizo ambazo wauzaji wengi huziruka. Chipu ya HC ikiwa kwenye volti 5 huhesabu kwamba imepokea moja pale tu ishara inapofika karibu volti 3.5. Prosesa yako ya NMOS na EPROM zake huahidi volti 2.4 tu zinapotoa moja. Mara nyingi hutoa zaidi ya hapo, na ndiyo maana saketi itaonekana inafanya kazi mezani kwako asubuhi ya baridi ya Mafinga. Ukishaifunga kwenye kabati lililo ubavuni mwa tanuru itaanza kukosea mara moja moja, na hitilafu ya namna hiyo ni mbaya kuliko ya kufa kabisa, kwa sababu itakuja usiku na kuondoka fundi akifika.

Tafuta 74HCT245, ambayo hutosheka na volti 2, au 74LS245 yenyewe, ambayo bado inatengenezwa. Kuna jambo moja zaidi: LS245 huweza kuzamisha (kupokea na kupeleka graundi) miliampia 24 kwa kila njia, na HCT huahidi 6 tu. Ikiwa upande wa pili wa waya ule mpana kuna rezista ndogo za kupandisha volti au taa za LED, basi chukua LS, au 74ACT245, ambayo nguvu yake inalingana na ya LS.

Dada wa Mwanjelwa, Mbeya:

74LS245 ninazo tatu, nilizichomoa mwenyewe kwenye bodi za zamani na kuzipima. Nitakutumia mbili kwa basi la jioni, na wewe nitumie EPROM zako kwa basi linalokuja Mbeya ili nizinakili kwenye AT28C64B mbili tupu nilizonazo, zikiwa zimechomekwa kwenye sponji nyeusi ya chipu au zimezungushiwa foili. Usizipakie kwenye mfuko wa plastiki mtupu. Na ukichomea hiyo 245, weka soketi kwanza.

Fundi wa Kinyanambo, Mafinga:

Nimepokea, na bodi imewaka. Kioo kilionyesha nyuzi 21 kwa sensa zote mbili, jambo lililonitisha mpaka nilipokumbuka kwamba kitambaa cha sensa ya pili kilikuwa kimekauka.

EPROM ya kwanza ilisomeka sawasawa mara zote tatu. Ya pili, kama dada alivyoona dukani kwake, ilitofautiana katika baiti moja kwenye volti 5, na ilipofika 4.5 ikatulia. Sasa bodi inaendeshwa na nakala, na zile za asili nimezibandika karatasi nyeusi na kuzihifadhi pamoja na mafaili yake. D780C-1 nimeagiza moja kama akiba. Mzee wa Makambako, wazo lako la PLC sijalitupa. Mwenye tanuru amekubali tuandike kwenye daftari ratiba yote, saa kwa saa, wakati bodi ikikausha mzigo huu, ili siku itakapokataa kabisa tuwe na cha kuipa hiyo PLC.

Lililobaki ni ule waya wa sensa unaopita juu ya bati. Nimefikiria kuupitisha chini ndani ya bomba la chuma lililounganishwa na graundi.

Mwalimu wa Iyunga, Mbeya:

Fanya hivyo, na kila njia ya sensa, pale inapoingia kwenye kabati, iwekee rezista ndogo ya mfululizo na dayodi ya kukata msukumo wa volti. Ila rezista iweke baada ya kuangalia aina ya sensa: ikiwa ni ya PT100, ambayo hupima joto kwa ukinzani wake unaobadilika, yenye waya mbili, kila ohmu utakayoongeza itasomeka kama joto, takriban nyuzi mbili na nusu kwa ohmu moja, na utakuwa umeiharibu ratiba uliyohangaika kuiokoa. Katika hali hiyo weka dayodi peke yake.